Nani Anamdai Mbunge Wako? Mwongozo wa mpiga kura kabla ya Agosti 2027

Ukitaka kujua nani aliyegharamia kampeni ya mbunge wako, usianze kwa kutafuta orodha ya wafadhili. Hakuna orodha ya aina hiyo ambayo mwananchi wa kawaida nchini Kenya anaweza kuifungua na kuisoma. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 88, iliipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, kazi ya kudhibiti fedha zinazotumiwa na mgombea au chama, au zinazotumiwa kwa niaba yao. Mwaka 2013 ikaja Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi, na ukiisoma utaona imeandikwa na watu waliolielewa tatizo: inakataza michango isiyo na jina la mtoaji, na inazuia chanzo kimoja kutoa zaidi ya asilimia 20 ya michango yote. Kisha Bunge likaahirisha utekelezaji wake hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 IEBC ilijaribu tena, ikatangaza viwango vya juu vya matumizi, kikiwemo cha takriban shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, na kabla ya mwaka huo kwisha Bunge la Taifa lilikuwa limezibatilisha kanuni zilizobeba mpango huo kwa hoja za utaratibu na muda. Wanaopaswa kubanwa na sheria ndio waliokabidhiwa uamuzi wa lini ianze kubana. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo na bila daftari.

Kwa hiyo kazi hii inabidi uifanye kinyumenyume. Badala ya kuanza kwa mtoaji na kumfuata hadi bungeni, anza na manufaa yaliyotoka bungeni au serikalini, kisha urudi nyuma hadi kwa mtu aliyekuwepo wakati wa kampeni. Njia hii ni ndefu, lakini inawezekana, na kila hatua yake inatumia nyaraka ambazo sheria inakupa haki ya kuziona.

Kabla ya nyaraka, piga hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo itakayokuonyesha ukubwa wa kitu unachokitafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na mashirika ya WFD ya Uingereza na NIMD ya Uholanzi, uliowahoji wagombea wa uchaguzi wa 2017, ulikadiria kuwa kuwania kiti cha Bunge la Taifa kuligharimu wastani wa shilingi milioni 18.2, na kiti cha useneta milioni 35.5. Tume ya Mishahara na Marupurupu iliweka mshahara wa mbunge kuwa shilingi 710,000 kwa mwezi kuanzia muhula wa 2022, kabla ya kodi. Gawanya: mbunge angehitaji zaidi ya miaka miwili ya mshahara mzima, bila kula wala kulipa karo, ili tu arudishe kilichotumika kumfikisha pale. Wachache wanaweza kulipa gharama hiyo kwa mali yao. Wengine huuza shamba, hukopa, huchangiwa na ndugu na marafiki, au hupokea kutoka kwa wafanyabiashara. Aliyeuza shamba ana haraka ya kurudisha shamba, aliyekopa ana riba inayokua, na aliyefadhiliwa ana simu ambayo hawezi kuacha kuipokea. Hakuna kati ya hawa ambaye tayari ni mhalifu. Wote, hata hivyo, wanaingia ofisini na deni, na wewe mpiga kura una haki ya kujua wanadaiwa na nani.

Sasa tafuta deni hilo mahali linapolipwa. Watu wengi hukosea hapa kwa sababu wanatafuta kura iliyonunuliwa: mbunge aliyepokea fedha Jumatatu akapiga kura ya ndiyo Jumanne. Jambo hilo hutokea, lakini ni nadra kulithibitisha, na ushahidi wa nchi zenye takwimu bora unasema si pale ambapo fedha za kampeni hufanya kazi yake kubwa. Mwaka 2003 wataalamu watatu wa Marekani, Ansolabehere, de Figueiredo na Snyder, walipitia tafiti nyingi kuhusu michango kwa wabunge wa nchi yao, na wakahitimisha kwamba michango inaeleza sehemu ndogo sana ya jinsi wabunge wanavyopiga kura. Chama, msimamo wa mbunge mwenyewe na matakwa ya waliomchagua vinaeleza zaidi. Hoja hii ni nzito, na wanaotetea uhuru wa wafadhili huitumia kila mara: ikiwa kura hainunuliki, kelele ni za nini? Wanaongeza kwamba mfanyabiashara humpa mtu ambaye tayari anakubaliana naye, kama mkulima anavyomuunga mkono mgombea anayetetea wakulima.

Jibu ni kwamba kura ya mwisho ni sehemu ndogo ya kazi ya mbunge. Kabla ya kura kuna miezi ya kuamua mswada upi usikilizwe, kifungu kipi kiandikwe vipi, ripoti ipi ifufuliwe na ipi iachwe kabatini. Hayo huamuliwa na anayepata muda wa mheshimiwa. Mwaka 2013 watafiti Joshua Kalla na David Broockman walishirikiana na kundi moja la kisiasa la Marekani lililoomba kukutana na ofisi 191 za wabunge. Waombaji wote walikuwa wakazi wa maeneo husika na pia walikuwa wametoa michango ya kampeni. Kwa bahati nasibu, baadhi ya ofisi ziliambiwa tu kwamba wageni ni wakazi, na nyingine zikaambiwa ni wachangiaji. Ofisi zilizodhani wanakuja wakazi wa kawaida zilimtoa mbunge mwenyewe au mkuu wa ofisi yake katika asilimia 2.4 tu ya maombi. Zilizoambiwa wanakuja wachangiaji zilifanya hivyo katika asilimia 12.5. Hakuna aliyeomba rushwa na hakuna kura iliyouzwa, lakini mlango ulifunguka mara tano zaidi.

Brazili inatuonyesha upande wa pili, na kwa nchi kama yetu ndiyo mfano ulio karibu zaidi. Boas, Hidalgo na Richardson, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2014, walilinganisha kampuni za ujenzi zilizochangia wagombea ubunge wa chama tawala cha wakati huo waliopata ushindi mwembamba na zile zilizochangia walioshindwa kidogo. Kampuni zilizochangia washindi zilipata kandarasi za serikali zenye thamani isiyopungua mara 14 ya mchango. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Shirikisho ya nchi hiyo ilipiga marufuku michango ya kampuni. Angalia jambo moja zaidi: utafiti huo uliwezekana kwa sababu Brazili huchapisha majina ya wachangiaji. Kwetu swali lilelile haliwezi hata kuulizwa kwa namna hiyo. Ukosefu wa ushahidi nchini Kenya, kwa hiyo, usiufanye uthibitisho wa usafi.

Kutokana na hayo, kuna sehemu mbili za kuchunguza: tenda za umma, na kazi ya kamati bungeni. Lakini anza na daftari lako mwenyewe wakati wa kampeni, kwa kuwa mchango mkubwa zaidi mara nyingi si fedha taslimu. Andika tarehe na mahali helikopta ilipotua, na jina au nambari iliyoandikwa ubavuni mwake. Andika kampuni iliyochapisha mabango na tisheti, mwenye malori yaliyobeba wafuasi, hoteli iliyowalaza mawakala, na nani aliyetambulishwa jukwaani kama rafiki yetu kutoka Nairobi. Picha za simu zenye tarehe zinatosha. Harambee ziandike vilevile, hasa zile ambapo bahasha ya mheshimiwa imeletwa pamoja na ya marafiki zake. Majina ya marafiki hao husomwa kwa kipaza sauti mbele ya umati, na hiyo ndiyo orodha ya wafadhili iliyo wazi kuliko zote tulizo nazo. Mwaka mmoja baadaye kila mtu huwa amesahau waliosomwa. Wewe utakuwa nayo.

Uchaguzi ukipita, geukia tenda. Tovuti ya serikali ya ununuzi wa umma, tenders.go.ke, huonyesha zabuni na kandarasi zilizotolewa, ingawa si taasisi zote zinazojaza taarifa zao kwa bidii. Pale ambapo tovuti imenyamaza, iandikie taasisi barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016: ofisi ya mfuko wa maendeleo ya eneo bunge lako (NG-CDF), wizara, au serikali ya kaunti. Sheria inaruhusu ombi hilo liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Omba mambo mahususi, kwa mfano majina ya makandarasi wote waliolipwa kwa ujenzi wa madarasa katika mwaka fulani wa fedha na kiasi walicholipwa, kwa sababu ombi pana hupata jibu pana lisilo na maana. Ukinyimwa au ukipuuzwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kwa jina la Ombudsman. Hakikisha una nakala ya barua yenye muhuri wa kupokewa. Bila muhuri, afisa atasema hakuiona.

Ukishapata jina la kampuni, omba CR12 yake kupitia eCitizen. Hati hii ya Msajili wa Kampuni huonyesha wakurugenzi na wanahisa, na ndiyo watu wa benki na wanasheria wanayoiomba kila siku wanapotaka kujua wanashughulika na nani. Tazama pia kampuni iliandikishwa lini, kisha linganisha majina na daftari lako la kampeni. Hapa ndipo utakapohitaji subira kuliko ujasiri, maana majina mawili yakilingana moyo hukimbilia hukumu. Jiulize kwanza maswali ambayo wakili wa upande wa pili angeuliza. Je, kampuni hii imeshinda tenda pia katika maeneo bunge jirani yenye wabunge wengine? Kama imeshinda kwa wabunge kumi tofauti, labda inajua tu kuandaa zabuni. Je, ni mpya kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya mheshimiwa, au ni mpya kwa sababu ni ya vijana, wanawake au watu wenye ulemavu, ambao sheria inawatengea asilimia 30 ya tenda za serikali? Bei yake ilikuwaje ukilinganisha na darasa kama hilo katika kata ya pili? Kampuni iliyozaliwa miezi miwili baada ya uchaguzi, inayoshinda katika eneo bunge moja tu, kwa bei ya juu, na ambayo mwanahisa wake alikuwa jukwaani mwezi Julai, inastahili maswali ya hadharani. Yenye dalili moja tu kati ya hizo haistahili kuchafuliwa jina, na ukiichafua unaweza kujikuta wewe ndiye unayejibu mashtaka mahakamani.

Bungeni kazi ni tofauti kidogo. Usisubiri siku ya kura. Soma kilichotokea kwenye kamati. Kamati inayochunguza mswada hupokea maoni ya umma, kama Kifungu cha 118 cha Katiba kinavyotaka, na ripoti yake hueleza nani aliyeomba nini na kamati iliamua nini. Kwenye Mswada wa Fedha, ambao kila mwaka huamua ni bidhaa ipi itozwe ushuru na ipi isamehewe, ripoti hiyo ni hazina. Chukua msamaha mmoja tu unaoonekana kufaidi watu wachache, tafuta aliyeuomba, kisha ulinganishe maneno ya ombi na maneno ya kifungu kilichopitishwa. Maneno yanapofanana neno kwa neno, umejua mlango ulimfungukia nani. Halafu angalia hatua ya Kamati ya Bunge Zima: marekebisho huchapishwa kwenye ratiba ya shughuli za Bunge kwa jina la mbunge anayeyaleta. Mbunge wa eneo la wafugaji anayeleta marekebisho kuhusu leseni za uagizaji wa mafuta ya kupikia anapaswa kueleza wazo hilo lilimjia kutoka wapi. Huenda ana jibu zuri kabisa. Muulize.

Kuhusu kura zenyewe, jifunze kutofautisha kura ya sauti na kura ya kuhesabiwa. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, na kila mbunge akajulikana alisimama wapi. Kulikuwa na uwajibikaji, hata kama ulikuja pamoja na vifo vya waandamanaji barabarani. Linganisha na Agosti 2018, Bunge la Taifa lilipoitupa ripoti ya kamati zake kuhusu sukari ya magendo. Wabunge wenyewe walitoa madai kwamba wenzao walihongwa, wengine kwa kiasi kidogo cha shilingi 10,000, na Spika akaagiza uchunguzi. Lakini ripoti ilizimwa kwa kura ya sauti, na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, haiwezi kukuambia mbunge wako alipaza sauti upande gani. Kanuni za Kudumu zinaruhusu wabunge kudai kura ya kuhesabiwa. Mtake mbunge wako aahidi mapema kwamba atasimama kuidai kila ripoti inayogusa biashara kubwa inapofika mbele ya Bunge. Ni ahadi rahisi kuitoa, na ni rahisi kuikagua.

Utaambiwa kwamba wa kulaumiwa ni wananchi: wao ndio wanaodai fedha za nauli, karo na mazishi, na mgombea asiye na bahasha hapewi hata nafasi ya kusalimia. Kuna ukweli ndani yake, na mpiga kura anayepokea mia mbili leo anasaidia kulipandisha lile deni la milioni 18. Lakini hoja hii hugeuzwa kuwa ngao pale inapovalishwa vazi la utamaduni, kwamba huo ni ukarimu wa Kiafrika tu. Tanzania ililipitia jambo hili mahakamani. Sheria yao ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006, kwa sababu, miongoni mwa mengine, viliwabagua wagombea wasio na uwezo. Mwaka 2010 wakatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hiyo haijamaliza fedha katika siasa zao, lakini ilikataa kuzibariki. Zaidi ya hayo, mwananchi anayeomba karo kwa mbunge anaomba kwa sababu huduma haijamfikia, na huduma inapotea pale tenda inapolipia deni la kampeni. Anayepokea mia mbili ndiye anayelipa gharama ya darasa lililojengwa kwa bei maradufu.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la usalama wa mfadhili. Katika nchi ambayo serikali ndiyo mteja mkubwa wa karibu kila biashara, mfanyabiashara anayejulikana kumsaidia mpinzani anaweza kupoteza tenda, kutembelewa na watu wa kodi, au kunyimwa leseni. Kuchapisha majina kunaweza kuwakausha wapinzani na kuwaneemesha walio madarakani. Hatari hiyo ni ya kweli, na anayedai uwazi bila kuitaja hajafikiri vya kutosha. Naona dawa yake iko katika kiwango. Marekani, kwa uchaguzi wa kitaifa, huchapisha majina ya wanaotoa zaidi ya dola 200 na kuwaacha wadogo kwenye faragha yao. Sheria yetu ya Vyama vya Siasa ya 2011 nayo tayari inazuia mtu mmoja kutoa zaidi ya asilimia 5 ya matumizi ya chama ya mwaka uliotangulia, na inataka vyama vitangaze vyanzo vya fedha zao. Mama mboga anayetuma mia tano kwa simu alindwe. Anayetoa milioni tano ananunua kitu kinachotugusa sote, na tayari wakubwa wa serikali wanamjua. Anayefichwa jina lake ni mpiga kura peke yake.

Ukikutana na wagombea kuelekea tarehe 10 Agosti 2027, usiwaulize kama wanapinga ufisadi. Wote watasema ndiyo. Waulize kama watachapisha, kabla ya siku ya kura, majina ya kila aliyewapa fedha au huduma yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikiwemo siku za helikopta. Waulize wana mikopo gani na kwa nani. Waulize kama watapiga kura ya kuiamsha ile sheria ya 2013 katika mwaka wao wa kwanza, si wa mwisho, kwa kuwa kila mara ilipoletwa karibu na uchaguzi ilizimwa kwa kisingizio cha muda. Yaandike majibu yao, au kukataa kwao, mbele ya mashahidi.

Daftari lako likishakuwa na jambo zito, lenye CR12, barua zenye muhuri na nakala za ripoti za kamati, peleka nakala kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, na nyingine kwa mwandishi wa habari anayejua kusoma zabuni. Kama suala ni la sheria yenyewe na si la mtu mmoja, Kifungu cha 119 kinakupa haki ya kuliandikia Bunge ombi rasmi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Liandike kwa Kiswahili ukipenda, likusanyie saini za majirani, na liwasilishwe mwaka ule wa kwanza baada ya uchaguzi, wakati wabunge bado wanakumbuka namba za wapiga kura wao na kabla wadai wao hawajaanza kupiga simu.